Kiwanja Kisicho na Nyumba

Maneno niliyoyasema Mbeya mbele ya mafundi na wanafunzi wa kompyuta. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, nikapunguza marudio tu.

Shikamooni wazee wangu. Kaka na dada zangu mafundi, poleni na baridi. Mliopanda asubuhi kutoka Tukuyu, ugonile. Mliotoka Njombe na Iringa, kamwene. Walioko nyuma wakiona sauti inapotea wanyooshe mkono, maana hiki kipaza sauti kina tabia zake.

Mwenyekiti aliponipigia simu kuniuliza nitazungumzia nini, nilimjibu: kilobaiti 64. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama nilikusudia kusema gigabaiti. Hapana, kilobaiti. Kijana aliyekaa hapa mbele na simu ya gigabaiti 4 anabeba mfukoni vipande 65,536 vya ukubwa huo, na bado analalamika simu inakwama. Mimi na mdogo wangu wa karakana tulinuniana wiki tatu kwa sababu ya kipande kimoja.

Karakana yangu iko Mwanjelwa. Kazi inayotulisha ni kompyuta ambazo wengi wenu mlishazitupa. Mteja ana mashine ya kupasua mbao kule Mafinga, mwingine ana mizani ya kahawa upande wa Mbozi, na ndani ya kila moja kuna kompyuta ya zamani inayoendesha programu ya DOS, ule mfumo endeshi wa zamani wa kuandika amri. Wanafunzi huwa wananicheka. Lakini mfikirieni mwenye kiwanda. Kadi ya mizani imechomekwa kwenye nafasi ya ISA, tundu la kadi za zamani, aliyeandika programu yake hapatikani tena, na mizani inapima sawasawa. Ukimwambia anunue kompyuta mpya, itabidi anunue na mizani mpya. Basi ananipigia mimi, na mimi nashukuru Mungu.

Kwenye mashine hizo tunaweka FreeDOS, ile DOS huria iliyoanzishwa na Jim Hall mwaka 1994, na juu yake programu ya kusimamia kumbukumbu. Msimbo wake uko wazi, kwa hiyo tuliuchukua tukatengeneza toleo letu dogo, tunalolirekebisha kadiri wateja wanavyotusumbua. Swali lililotununisha ni hili: toleo letu libadilishe namna linavyochukua kumbukumbu ya juu, au tuliache lilivyo?

Kwa wasioijua ramani nitaipitia haraka, wanaoijua wanivumilie. Prosesa ya 8088 iliyokuwa ndani ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na nyaya 20 za anwani. Nyaya 20 zinakupa anwani 1,048,576, yaani megabaiti moja, basi. Kilobaiti 640 za chini zikawa za DOS na programu zake, 384 za juu zikatengwa kwa ajili ya vifaa. Video ilipewa kuanzia A000 mpaka BFFF. ROM ya kadi ya video ya VGA, yaani kumbukumbu yake ya kusomwa tu, kwa kawaida inakaa C000 mpaka C7FF. BIOS ya mazabodi, programu inayoamsha mashine, iko F000 mpaka kileleni. Katikati, C800 mpaka EFFF, ni eneo la kadi za kuchomeka, na kwenye mashine nyingi sehemu kubwa yake imelala bure. Hizo ni namba za segimenti, zimeandikwa kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita. Kila moja ni hatua ya baiti 16.

Kisha mwaka 1985 Intel wakatoa 80386. Hii ilileta jambo ambalo mpaka leo nikilifikiria nacheka peke yangu: inaweza kuigiza 8086, ndugu wa 8088, huku nyuma yake jedwali la kurasa likiamua kila kilobaiti 4 za anwani zielekezwe kwenye RAM ipi. Programu inaomba D000. Prosesa inatazama jedwali. Jedwali linasema D000 ya leo iko kule kwenye megabaiti ya tatu. Programu inasoma, inaandika, inaondoka, haina habari. Hapo ndipo programu za kusimamia kumbukumbu, EMM386, QEMM na 386MAX, zilipopata kazi. Zilichukua RAM iliyo juu ya megabaiti moja, zikaipachika kwenye matundu ya kumbukumbu ya juu, draiva zikahamia huko, na programu kubwa zikapumua kule chini. DR DOS 5.0 ililiingiza jambo hilo ndani ya DOS yenyewe mwaka 1990, na MS-DOS 5.0 ikafuata mwaka 1991 kwa ule mstari ambao wenye umri wangu wanaweza kuuandika wakiwa usingizini: DOS=HIGH,UMB.

Sasa, msimamizi wa kumbukumbu anajuaje tundu liko wapi? Hapa ndipo penye ugomvi wote.

ROM za kadi zina alama. Zinaanza kwenye mpaka wa kilobaiti 2, baiti ya kwanza ni 55, ya pili ni AA, ya tatu inasema ROM ina urefu gani kwa kuhesabu vipande vya baiti 512. Msimamizi anapita na kusoma, akikuta 55 AA anaruka. Penginepo anasoma tu aone kuna nini. Mahali pasipo na kifaa kinachojibu, nyaya hubaki zimeinuka, na kwa kawaida baiti zote zinasomeka FF. Akikuta kilobaiti 4 nzima ni FF, anasema hapa pori, anapachika RAM yake.

Mnaokaa Uyole mnakijua kiwanja cha namna hiyo. Unapita kila siku, hakuna nyumba, hakuna msingi, hakuna hata mgomba. Kama pana bikoni nne za zege, hata mtoto anajua pana mwenyewe. ROM ina bikoni: 55 AA. Lakini kuna viwanja ambavyo bikoni ziling'olewa au hazikuwekwa kabisa, na mwenyewe yuko Dar es Salaam, ana karatasi zake ndani ya sanduku. Wewe umeona majani tu, umepanda mahindi. Siku akirudi, mahindi yako yako kwenye kiwanja chake.

Mashine ya kahawa niliyoitaja ilikuwa 486, yenye prosesa iliyofuata 386, na kwa miaka ilifanya kazi moja: kupima magunia na kuandika uzito. Halafu ofisi ikataka risiti zichapwe kwenye printa ya mhasibu, jengo la pili. Ikaongezwa kadi ya mtandao na programu ya mtandao inayokaa ndani ya kumbukumbu muda wote, kilobaiti 44. Programu ya mizani ikagoma kufunguka. Ilitaka kilobaiti 580 za chini, na tulikuwa na 541.

Tulikuwa na kumbukumbu ya juu pia, C800 mpaka CFFF, kilobaiti 32. Lakini kitu cha 44 hakiingii kwenye tundu la 32, na DOS haiwezi kukikata vipande viwili. Wanafunzi wengi wanakosea hapa. Wanajumlisha matundu yote, wanaona jumla inatosha, wanashangaa LOADHIGH, amri ya kupeleka programu juu, inapoangusha programu chini kimyakimya. Jumla haina maana. Kinachohesabika ni tundu kubwa kuliko yote lililo kipande kimoja.

Mdogo wangu akaja na wazo, na nataka niliseme kwa haki kwa sababu lilikuwa wazo zuri. Toleo letu lilikuwa linapekua C800 mpaka DFFF tu. E000 mpaka EFFF lilikuwa haliligusi mpaka mtu aandike mwenyewe I=E000-EFFF, yaani ingiza eneo hili. Akaniambia: "Kaka, hizo ni kilobaiti 64, kipande kimoja, kwenye mashine za 486 hazina kitu. Mteja hajui I ni nini. Kwa nini tusipekue E000 bila kuombwa?" Akaongeza na B000 mpaka B7FF, zile kilobaiti 32 za skrini ya rangi moja ambazo mwenye VGA hazitumii akiwa kwenye maandishi ya rangi. Akabadilisha msimbo usiku, mistari isiyozidi ishirini. Asubuhi mashine yetu ya majaribio ikaonyesha kilobaiti 96 zaidi. Nilimpongeza. Nakiri hilo mbele yenu kwa sababu yeye mwenyewe yupo humu ndani, nikificha atanyoosha kidole.

Tukapeleka Mbozi. Ikawaka vizuri. Programu ya mtandao ikakaa juu, E000, bila taabu. Programu ya mizani ikafunguka, ina nafasi ya kutosha. Mwenye kiwanda akatuletea chai na maandazi. Kikombe hakijafika nusu, dada wa mizani akaita kutoka ndani:

"Fundi, hebu njoo. Gunia liko juu ya mizani, kompyuta inasema hakuna kitu."

Nikaenda. Gunia la kahawa limesimama, sindano ya pembeni imeinama kabisa kuonyesha uzito, na kwenye skrini imeandikwa 0.0. Nikamwambia alitoe aliweke tena. 0.0. Akaweka mawili. 0.0. Hakuna onyo, hakuna kosa lolote; programu ilikuwa na amani kabisa. Akabonyeza kitufe cha kuchapa risiti, na mashine ikaganda. Kibodi ikafa, hata ile taa ya herufi kubwa haikubadilika.

Tukawasha upya. Safari hii nikamwambia asichape, atoke kwenye programu taratibu. Alipotoka, DOS ikaandika kwamba mnyororo wa kumbukumbu umeharibika, ikasimama. Hapo ndipo tumbo langu likaanza kuelewa kabla ya kichwa.

Nikafungua boksi. Kadi ya mizani ina safu ya vijiti vidogo vya kuchagua anwani, na kofia yake ya plastiki ilikuwa kwenye E000. Kadi ile huzungumza na prosesa kupitia dirisha la kumbukumbu la kilobaiti 16, E000 mpaka E3FF. Haina ROM, kwa hiyo haina 55 AA. Na dirisha hilo limefungwa mashine inapowaka. Ni programu ya mizani ndiyo inayolifungua inapoanza kazi. Msimamizi wetu alipopita asubuhi akipekua, kadi ilikuwa kimya. Akasoma FF, FF, FF. Pori. Akapachika RAM.

Sasa fuateni kilichotokea, taratibu, kwa sababu ndicho kilichonifanya niombe kuja kuzungumza leo. Programu ya mizani inaamka, inaiambia kadi ifungue dirisha. Kadi inafungua. Lakini jedwali la kurasa limeshaielekeza E000 kwingine; prosesa haifiki kwenye kadi kabisa. Programu inafanya jaribio lake: inaandika namba kwenye dirisha, inazisoma tena. Zinarudi sawa! Bila shaka zinarudi sawa, ni RAM nzuri kuliko ya kadi. Ikaridhika. Kisha ikafuta dirisha lote, kilobaiti 16, ikaandika sifuri, ikakaa kusubiri mizani iweke uzito. Mizani inaweka uzito kwenye kadi, programu inasoma RAM, na RAM imejaa sifuri ambazo programu yenyewe imezimwaga. 0.0 mpaka jioni.

Na zile kilobaiti 16 hazikuwa tupu zilipofutwa. Ndani yake DOS ilikuwa imeweka mwanzo wa programu ya mtandao, na mbele yake ile baiti 16 ya utambulisho ambayo kila kipande cha kumbukumbu ya DOS hubeba, inayoanza na herufi M, au Z kama ni kipande cha mwisho. DOS ikifuata mnyororo, inaruka kutoka M hadi M mpaka Z. Ilipofika pale ikakuta sifuri. Si M, si Z. Ikasimama, na ilifanya vizuri kusimama. Alipobonyeza kuchapa, amri ilikwenda kwa programu ya mtandao iliyokwisha kufutwa nusu, na prosesa ikaanza kutekeleza sifuri.

Ningependa mashine ingeganda tangu inawaka. Mashine inayoganda inamsumbua fundi. Mizani inayosema sifuri kwa utulivu inamsumbua mkulima aliyesimama mlangoni na gunia lake, na siku ile kama programu ile ingekuwa inahifadhi uzito wa mwisho badala ya kufuta, magunia yote yangeandikwa uzito wa gunia moja na hakuna ambaye angejua mpaka hesabu za mwezi.

Tulirudisha toleo la zamani usiku huohuo. Njiani kutoka Mbozi hatukuongea. Tulipofika Mbeya ndipo ugomvi ulipoanza kwa kweli.

Yeye alisema kosa ni la kadi, na kwamba tungeandika X=E000-E3FF, yaani eneo hili lisiguswe, kwisha. Ni kweli. Na alisema, "Kwa hiyo mashine zote zisizo na kadi hiyo ziadhibiwe kwa ajili ya mashine moja ya Mbozi?" Sikuwa na jibu la haraka. Nilikwenda kulala nalo.

Jibu nililokuja nalo linahusu nani aliahidiwa nini. Kadi ile iliwekwa E000 na fundi wa zamani ambaye alijua kwamba EMM386 ya Microsoft kwa kawaida haiendi E000 bila kuambiwa. Ilikuwa hata na neno maalumu, HIGHSCAN, kwa anayetaka upekuzi wa nguvu zaidi kule juu, na maelezo yake yalionya kwamba baadhi ya mashine zinaweza kuganda. Kwa hiyo hakuandika X, kwa sababu hakukuwa na haja. Sisi ndio tuliobadilisha mpaka baada ya watu kujenga. Ukibadilisha tabia ya kawaida ya programu, unawabadilishia hata wale ambao hawajawahi kusoma mstari mmoja wa maelezo yako, na ndio wengi.

Akanijibu kwa hoja ya kiufundi: tuongeze upekuzi wa akili zaidi. Tukakaa nayo siku mbili. Tuandike halafu tusome? Dirisha limefungwa, hakuna kitakachobadilika. Tuiulize BIOS? Lile ombi la ramani la INT 15h, E820, 486 ile haina, na hata mashine zilizo nalo kwa kawaida halikwambii lolote la maana kuhusu eneo la kadi. Tusubiri programu ya mizani iamke ndipo tupekue? Wakati huo DOS imeshapanga wapangaji. Kadi iliyonyamaza haiwezi kugunduliwa na mtu yeyote. Hakuna msimbo wa ujanja unaoweza kumsikia asiyesema. Hapo alinielewa kidogo, nadhani, ingawa hakusema.

Na E000 yenyewe imeendelea kuwa na wenyewe zaidi kadiri miaka inavyokwenda. BIOS za baadaye zilikua mpaka kilobaiti 128, zikaanzia E000. Ndani yake kuna sehemu zimejaa FF ambazo hazijatumika, na sehemu zimejaa FF ambazo sitaki kuzijaribu kwa mashine ya mteja.

Kuna jambo la pili ambalo watu hulisahau, la DMA. Jedwali la kurasa linajulikana na prosesa peke yake. Chipu ya DMA, ile inayohamisha data za flopi bila kupitia prosesa, haijui kurasa ni nini. Ukiipa anwani D000 inakwenda D000 halisi kwenye nyaya, mahali ambapo hakuna RAM yoyote. Ndiyo maana msimamizi wa kumbukumbu lazima ashike kila ombi la DMA, aazime kibufa kingine, yaani nafasi ya muda ya kuwekea data, anakili. Kwa chipu ya DMA ya mazabodi anaweza, kwa sababu anaona milango yake. Kadi ya diski ya SCSI inayochukua nyaya yenyewe hamwombi ruhusa. Kama draiva yake haifuati ule utaratibu wa kuulizana anwani halisi, inaandika pasipo. Kila kilobaiti unayoongeza juu inaongeza uwezekano wa kibufa cha diski kukaa huko. Mizani ikikosea unapima tena. Diski ikiandikwa mahali pasipo, hakuna cha kupima.

Na la tatu ni kichekesho cha historia ambacho nakipenda sana kila ninapokikumbuka. DOS 5 ilipojihamishia kwenye zile baiti 65,520 zilizo juu kidogo ya megabaiti moja, nafasi ya chini ikaongezeka. Watu wakafurahi. Halafu baadhi ya programu za zamani zikaanza kulalamika kwamba faili lake limeharibika. Faili lilikuwa zima. Zilikuwa zimebanwa kwa kifaa kilichoitwa EXEPACK, na kipande chake cha kufungulia kilikuwa na hitilafu: kikipakiwa ndani ya kilobaiti 64 za kwanza, kilihesabu anwani iliyozunguka mpaka juu, na waya wa A20, ule wa anwani wa ishirini na moja, ukiwa umewashwa haikuzunguka tena kama zamani. Miaka yote hiyo DOS ilikuwa nene, ikaijaza ile nafasi ya chini, na hitilafu haikuonekana. Microsoft wakalazimika kuweka amri ya LOADFIX, ambayo kazi yake yote ni kujaza kilobaiti 64 za chini ili programu ikae juu yake. Yaani umehangaika kufungua nafasi, halafu unaandika amri ya kuiziba. Mdogo wangu alicheka sana nilipomsimulia, na ndiyo siku tulipoanza kusalimiana tena.

Lakini mteja bado alikuwa na kilobaiti 541 na alitaka 580. Kukataa mabadiliko hakumpimii mtu kahawa.

Nikarudi Mbozi peke yangu, nikafungua ramani ya kumbukumbu, nikakaa mbele ya skrini kama mtu anayesoma barua ya madai. C800 mpaka CFFF, yetu. D000 mpaka DFFF, kilobaiti 64, zimeshikwa na fremu ya EMS. Mnaikumbuka EMS, njia ya zamani ya kuongezea programu kumbukumbu: Lotus, Intel na Microsoft, dirisha la kurasa nne za kilobaiti 16, toleo la 4.0 mwaka 1987, kwa ajili ya watu wa lahajedwali. Nikauliza programu ya mizani kama inatumia EMS. Haitumii. Ya mtandao? Haitumii. Hakuna chochote kwenye mashine ile kilichowahi kutumia EMS tangu nimeifahamu. Fremu ilikuwepo kwa sababu mtu, na mtu huyo ni mimi, alinakili mstari wa CONFIG.SYS, faili la mipangilio ya DOS, kutoka mashine nyingine bila kuusoma.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nikaandika NOEMS, yaani EMS isiwepo. Nikawasha upya. C800 mpaka DFFF ikawa kipande kimoja cha kilobaiti 96. Programu ya mtandao ikaingia, draiva ya kadi ikaingia, ya kipanya ikaingia. Chini zikabaki 603. Kadi ya mizani ikaendelea kukaa E000 yake bila kuguswa. Dada wa mizani akaweka gunia, skrini ikasema 61.2, akanitazama, akaendelea na kazi kama vile hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo uamuzi wetu ulikuwa hivi. E000 haipekuliwi bila kuombwa. B000 vilevile, maana kuna kadi za video zinazoitumia kwa siri kwenye hali zake kubwa, na ukiigusa utakuja kuliona siku mtu anapofungua programu ya michoro. Anayetaka aandike I kwa mkono wake, akijua anaandika nini. Tulichobadilisha ni kwamba toleo letu sasa halinyamazi. Likiwaka linaandika ramani yote: kipande hiki nimechukua, hiki nimekuta 55 AA, hiki kinasomeka FF lakini sijapewa ruhusa, na fremu ya EMS imeshika hapa na tangu uwashe hakuna aliyeiomba. Huo mstari wa mwisho ndio ulionigharimu safari mbili za Mbozi, na nimeuandika mwenyewe. Unaonekana ukiita ripoti baada ya programu kuanza, kwa sababu wakati wa kuwaka hakuna aliyepata nafasi ya kuiomba.

Kuna aliyeniandikia karatasi hapa anauliza ROM inayoishia katikati ya ukurasa wa kilobaiti 4, nusu iliyobaki inaweza kuokolewa? Haiwezi. Ukurasa haugawanyiki. Usipoteze usiku kwa ajili ya kilobaiti 2.

Mdogo wangu amekaa pale karibu na dirisha, mwenye sweta la kijani. Mwulizeni, atawaambia mimi ni mwoga. Ana mashine yake Iyunga ambayo E000 yote ni RAM, na B000 pia, na mpaka leo haijaganda hata mara moja. Haina kadi yoyote ya kuchomeka isipokuwa ya video, lakini hilo hatalisema mpaka mmuulize. Mashine iliyoko mezani ni ya aina ileile ya Mbozi, na kadi ya mizani nimeiomba kwa mwenye kiwanda kwa siku mbili. Nitaiwasha baada ya chai. Flopi zenye matoleo yote mawili ziko pembeni ya kibodi. Yenye utepe mwekundu ni ya kwake.